Shoka Likichomoka Mpinini

Somo: Kumbukumbu la Torati 19:1-10, Luka 13:1-5



Jumapili mbili zilizopita nilihubiri juu ya miji ya makimbilio. Baada ya ibada nilikuwa mlangoni nasalimia watu, na mama mmoja akanishika mkono asiuachilie. Akaniuliza, "Pasta, huyo mtu wa shoka hakukusudia. Chuma kilitoka chenyewe kwenye mpini kikampata mwenzake. Sasa kama hana makosa, anakimbia nini? Na kama ana makosa, mbona anapewa mji wa kujificha?" Nikamwambia hilo ni swali zuri, tutalizungumza wiki ijayo. Wanaonijua wanafahamu kwamba Pasta akisema swali ni zuri, maanake hana jibu.

Nimelala na hilo swali siku kumi na nne. Kusema kweli halikuniuma kwa ajili ya mtu wa shoka. Liliniuma kwa sababu ya jambo langu mwenyewe, ambalo baadhi yenu mnalijua nusu. Nitalifikia. Lakini niruhusuni nianzie mbali kidogo, kwenye uwanja wa ndege wa nyasi.

Mwaka jana nilikuwa katika timu ya misheni iliyoruka kutoka Wilson kwenda kaskazini kwa ndege ndogo ya injini moja. Ni ndege ambayo kabla ya kupanda unapimwa kilo wewe pamoja na mkoba wako, hadharani, na dada zetu hawakufurahia sehemu hiyo ya safari. Tulipofika, nikachungulia dirishani nikaona uwanja wenyewe: mstari wa nyasi, mbuzi upande mmoja, watoto upande mwingine. Rubani akashuka, akashuka, nikajua tumefika, halafu akapita chini chini juu ya nyasi bila kugusa, akavuta ndege juu tena. Ndugu mmoja nyuma yangu akaanza kunena kwa lugha. Mimi nilishika kiti.

Tulizunguka, tukarudi, tukatua vizuri. Nikamuuliza rubani kulikuwa na shida gani. Alikuwa mzee kidogo, Mkenya, mtu wa maneno machache. Akasema hakukuwa na shida, alikuwa anatazama. Anatazama mbuzi wako wapi, maji yametuama wapi, nyasi zimelala namna gani. Asipopenda anachokiona hupaa tena, na ikibidi huwarudisha abiria mpaka Nairobi. Nikamuuliza kama watu hawakasiriki. "Wanakasirika sana, Pasta. Lakini wanakasirika wakiwa nyumbani kwao."

Tulisubiri gari la kanisa mwenyeji zaidi ya saa moja chini ya bawa la ile ndege, maana ndiyo ilikuwa kivuli pekee, na hapo ndipo alipotuhadithia habari za ndege ya kwanza ya MAF. Wengi wenu mmeona hizo herufi kwenye ndege za misheni. Nilipofika nyumbani nikasoma zaidi, na sijaacha kuiwaza.

MAF ilianzishwa Marekani mwaka 1945 na Wakristo waliokuwa wamerusha ndege wakati wa vita. Mmoja wao alikuwa Betty Greene, mwanamke aliyekuwa amerusha ndege za jeshi katika kikosi cha marubani wanawake kilichoitwa WASP. Walikuwa na maono makubwa na mfuko mdogo, kama makanisa mengi ninayoyajua. Walinunua ndege moja iliyokwisha kutumika, aina ya Waco, yenye mabawa juu na chini, kwa dola 5,000. Februari 1946 Betty Greene aliirusha kwenda Mexico kuwahudumia watafsiri wa Biblia wa Wycliffe kule Chiapas, mahali ambapo safari ya siku nyingi kwa miguu na nyumbu ilikuwa inakuwa safari ya saa moja na kitu angani. Ndege moja. Kwa hesabu za darasani kwetu, hiyo ndiyo mali yote ya shirika.

Baadaye mwaka huohuo alihitajika Peru. Akaja rubani wa kumpokea, George Wiggins, ambaye naye alikuwa ametoka kwenye ndege za kijeshi. Wakaruka pamoja kwenda uwanja mdogo uliokuwa umefyekwa msituni, mahali panaitwa El Real, ili aoneshwe njia. Walipokuwa wanatua, bawa likagonga kijumba kilichokuwa kando ya uwanja. Wote wawili walitoka wazima. Lakini ndege iliharibika vibaya, na maono yote ya MAF yakawa yamelala pale kwenye nyasi.

Sasa hapa ndipo swali la yule mama linapoingia. Kosa ni la nani?

Jibu la haraka ni Wiggins, kwa kuwa usukani ulikuwa mikononi mwake. Lakini alikuwa mgeni wa uwanja ule, na alikuja kufundishwa. Basi tumlaumu mwenyeji aliyekaa kando yake? Au aliyejenga kijumba karibu vile na mahali pa kutua? Au waliofyeka uwanja mwembamba? Au wale walioharakisha kubadilisha rubani kwa sababu kazi Peru ilikuwa inangoja? Na ndege zenyewe za aina ile zilikaa juu ya gurudumu la mkia, pua ikiwa imeinuka, hata rubani akigusa ardhi injini inamziba asione mbele sawasawa, tumlaumu aliyeichora? Ukiendelea hivyo utafika mpaka kwa Adamu, na wapo wahubiri wanaopenda kufika huko haraka, kwa sababu kwa Adamu hakuna mtu wa kamati anayeguswa.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa. Huko tulifundishwa kwamba kila hasara lazima iwe na mwenyewe, jina lake liandikwe kwenye karatasi. Ni kanuni nzuri kwa mambo ya pesa za kanisa, na wanaoshika risiti hapa wanajua siichezi. Lakini nilipoanza kusoma juu ya ajali za ndege niligundua kwamba watu wa anga, ambao hasara yao ni miili ya watu, waliamua jambo la ajabu. Shirika la anga la kimataifa, ICAO, ambalo Kenya ni mwanachama wake, lina kanuni za uchunguzi wa ajali tangu mwaka 1951. Kanuni hizo zinasema kusudi la uchunguzi ni moja tu, kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Mambo ya polisi na mahakama yana njia yake, lakini mchunguzi wa ajali haendi kutafuta wa kumfunga. Idara yetu hapa Kenya inafanya kazi chini ya kanuni hizo hizo.

Mara ya kwanza nilidhani ni ulegevu. Si mtu akijua hatalaumiwa atarusha ndege kama bodaboda ya usiku? Kisha nikaona hekima yake. Marekani wana mpango tangu 1976, unaosimamiwa na NASA, ambapo rubani anaweza kuandika kosa lake mwenyewe ndani ya siku kumi. Jina lake linaondolewa. Kama hakukusudia, na halikuwa jinai wala ajali, basi hata mamlaka ikija kumkuta na kosa hilo haimpi adhabu. Kwa nini? Kwa sababu waligundua kwamba ukimpiga kila anayekosea, makosa hayapungui. Yanayopungua ni taarifa. Watu hufunga midomo, na uwanja wenye kijumba kando yake unaendelea kupokea wageni.

Ninyi mnajua maneno ya Mithali 28:13, kwamba afichaye makosa hafanikiwi, lakini anayeyakiri na kuyaacha hupata rehema. Tumeyahubiri kama ahadi ya binafsi, ya mtu na Mungu wake chumbani. Watu wa anga wameyageuza kuwa utaratibu wa kazi, wakaweka mahali ambapo kukiri hakukuangamizi, na leo watu wanaishi kwa sababu hiyo. Inaniaibisha kidogo kwamba sisi tulio na kitabu hatukuwa wa kwanza.

Lakini turudi kwa nyasi, kwa sababu kuna jambo moja la hesabu ambalo bila hilo hamtanielewa nikifika kwa habari yangu.

Mamlaka ya anga ya Uingereza inawapa marubani wa ndege ndogo vipimo vya kukadiria. Chukua ndege ambayo kitabu chake kinasema inahitaji mita 400 kutua na kusimama kwenye lami kavu. Kwenye nyasi zilizolowa, zidisha mara 1.35, sasa ni mita 540. Ikija na mwendo uliozidi kwa asilimia 10 tu, ongeza asilimia 20 ya umbali. Sasa ni karibu mita 650. Uwanja wako una mita 600. Umekwisha kuanguka na bado uko angani. Na zile nyasi fupi nzuri za kijani zinazopendeza macho ndizo mbaya zaidi zikilowa, kwa sababu tairi haipati pa kushika, na ukikanyaga breki kwa hofu gurudumu linagoma kuzunguka na ndege inateleza kama sabuni.

Hizo hesabu hata hivyo ni za tahadhari. Mara nyingi rubani aliyezidisha mwendo atasimama kabla ya ua. Upepo utamsaidia, au nyasi hazikulowa sana, au kuna kilima kidogo mwishoni. Atafanya hivyo mara tisa. Mara ya kumi ataingia kwenye ua. Sasa niambieni, wapendwa, alikosa lini? Tutasema siku ya kumi. Lakini mikono yake ilifanya jambo lilelile siku zote kumi. Siku tisa aliitwa hodari. Pengine alitoa ushuhuda.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nagusa kitu tunachokipenda. Ni mara ngapi tumesimama hapa mbele tukasema Mungu ametuokoa, gari lilikosa breki mteremko wote, tukafika, Haleluya, na kanisa likapiga makofi, na hakuna aliyeuliza breki zilikuwa zimekaguliwa lini? Mimi siamini kwamba Mungu hakutuokoa. Naamini alituokoa. Lakini niliyeokolewa kutoka kwa uzembe wangu mwenyewe nina deni la kitu kingine zaidi ya makofi. Torati ilisema ukijenga nyumba mpya uweke ukingo kwenye dari, asije mtu akaanguka ukawa na damu nyumbani mwako. Iko Kumbukumbu la Torati 22:8. Angalieni, hakuna aliyeanguka bado katika andiko hilo. Deni la damu linaanza kwa mwenye nyumba kabla ya mgeni kupanda ngazi.

Tuna majibu matatu mepesi kanisani jambo baya likitokea. La kwanza ni shetani. La pili ni mapenzi ya Mungu. La tatu, ambalo halisemwi madhabahuni bali kwenye kamati, ni dereva.

Bwana Yesu aliulizwa habari kama hizi. Akautaja mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane, akakataa kusema kwamba wale walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Akawageukia waliomsikiliza akawaambia watubu wao. Nimeuhubiri mstari huo mara nyingi na sijawahi kujiuliza mpaka mwezi huu: ni nani katika ule umati aliyekuwa fundi wa mnara? Yerusalemu haukuwa mji mkubwa. Pengine alikuwepo, amesimama katikati ya watu, amefurahi kwamba mjadala ulikuwa juu ya dhambi za waliokufa.

Na kuna sheria ya ng'ombe, Kutoka 21. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alijulikana kwa kupiga pembe, na mwenyewe alikuwa ameonywa, na hakumfunga, basi hesabu inabadilika kabisa. Ng'ombe ni yule yule. Pembe ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu fulani alikuwa amejua. Kwa hiyo nikiulizwa kosa ni la nani, siku hizi sianzi na aliyeshika usukani. Naanza kuuliza nani alijua, na lini, na alimwambia nani.

Sasa nifike kwangu.

Mnakumbuka gari letu la misheni lilipopinduka Aprili mwaka juzi, tukienda mkutano wa injili kule juu Cherang'any. Tulikuwa kumi na mmoja. Binti mmoja wa kwaya alivunjika mfupa wa bega, wengine tulikwaruzwa. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele yenu na plasta kwenye paji la uso nikaongoza wimbo wa shukrani, na ninyi mliimba mpaka vioo vikatetemeka. Dereva wetu hakuwepo ibadani. Wiki mbili baadaye kamati ilimwita. Akaulizwa kama alikuwa anakimbia. Akasema ndiyo, kidogo, barabara ilikuwa imelowa, alipaswa kupunguza kabla ya ile kona. Akashukuriwa kwa utumishi wake wa miaka sita na akaambiwa apumzike. Mimi ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu za kikao. Mwandiko wangu ni mzuri kwenye ukurasa ule.

Nusu nyingine ndiyo hii. Alhamisi kabla ya safari, dereva alinijia ofisini. Akaniambia, "Pasta, tairi mbili za nyuma zimekuwa kipara. Kwa lami tutaenda, lakini kule juu ikinyesha sitazishika." Nikamuuliza bei. Nikatazama bajeti. Pesa ilikuwepo, lakini ilikuwa imeandikwa spika za mkutano, na mimi ndiye niliyeiandika hapo. Nikamwambia, "Mzee, tukirudi tutanunua. Endesha tu pole pole." Asubuhi ya safari tulichelewa kutoka kwa sababu ya hizo hizo spika, na kuanzia Kitale nilikuwa nimekaa kiti cha mbele nikitazama saa. Nilimwambia mara tatu kwamba watu walikuwa wanatungoja tangu saa tatu. Mara ya tatu sikusema kwa upole.

Mvua ikaanza tulipoingia barabara ya murram.

Mnaona mahesabu. Tairi zisizoshika, udongo uliolowa, mwendo uliozidi kidogo. Mara nyingi tungefika, na ningetoa ushuhuda juu ya spika. Na tungefika, hakuna mtu duniani, mimi nikiwa wa kwanza, ambaye angesema nilifanya dhambi Alhamisi ile. Hiyo ndiyo inayonitisha. Mfupa wa yule binti haukuongeza kitu kwenye kosa langu, ulilifunua tu. Kabla ya hapo lilikuwa linaitwa usimamizi mzuri wa fedha.

Katika kikao kile hakuna aliyeniuliza kuhusu tairi. Sikudanganya. Ninataka mlielewe hilo jinsi nilivyolishikilia kwa muda mrefu: sikudanganya neno hata moja. Dereva naye hakulitaja. Alijibu alichoulizwa. Nilipokuwa naandika majibu yake nilimwona akinitazama mara moja tu, akasubiri kidogo, kisha akatazama kofia yake.

Nimeambiwa na ndugu mmoja ninayemheshimu kwamba najitesa bure. Anasema dereva ndiye mtaalamu. Kama hali ilikuwa mbaya alipaswa kukataa, kama rubani yule anayepaa tena. Kuna ukweli humo, na sitaki kumwondolea dereva heshima ya kuwa na makosa yake mwenyewe. Aliyakiri kabla ya kulazimishwa. Lakini rubani wa kaskazini anaweza kupaa tena kwa sababu ofisi yake Nairobi haitamwuliza kwa nini amerudi na abiria wenye hasira. Dereva wetu angerudi kwa nani? Kwangu. Na mimi nilikuwa nimeshamjibu Alhamisi. Mfanyakazi wa kanisa anayelipwa kidogo, akiwa na watoto watatu shuleni, anawezaje kumwambia mtu wa Mungu aliyekaa kando yake na Biblia mapajani kwamba leo hatufiki?

Nikirudi kwa mama wangu wa mlangoni. Nadhani sasa naweza kumjibu nusu. Mtu wa shoka anakimbia kwa sababu damu imemwagika kweli, na mwenye kulipiza kisasi moyo wake una moto, na Mungu hawaambii wafiwa kwamba si kitu. Akifika langoni, Yoshua 20 inasema anasimama mbele ya wazee wa mji ule na kueleza habari yake, nao wanamsikiliza, wanamwingiza, wanampa mahali. Haachwi huru aende nyumbani kana kwamba hakuna kilichotokea. Hesabu 35 inasema atakaa humo mpaka kuhani mkuu afe. Ni kitu kizito. Lakini ana mji, na ana watu waliosikia habari yote. Na jambo ambalo sikuwa nimeliona: Kumbukumbu 19 inaagiza njia ya kwenda miji hiyo itengenezwe mapema. Mtu anayekimbia asiikute imeziba.

Nusu ya pili ya swali lake siiwezi bado. Aliuliza juu ya mtu mwenye shoka. Hakuuliza juu ya mtu aliyemkodisha, aliyeambiwa jana yake kwamba mpini umelegea, akasema maliza mti huu kwanza. Nimetafuta huyo mtu katika sura ile nikitaka kuona Torati inampeleka wapi. Mji wa makimbilio si wake, kwa sababu yeye alijua. Wala hakuna anayemfukuza, kwa sababu hakuna anayemjua.

Wakati Waco ilipolala kule El Real, MAF ilitafuta fundi. Wakampata kijana aliyekuwa fundi wa ndege jeshini, Nate Saint, akaenda Mexico akakaa miezi kadhaa akiiunganisha tena katika mazingira ambayo fundi wa Nairobi angeyakataa kabla ya chai ya saa nne. Ndiye Nate Saint ambaye wengi mnamjua kwa kifo chake Ekuado mwaka 1956. Huko Ekuado, mwishoni mwa 1948, yeye mwenyewe alianguka na ndege na kuumia mgongo. Na ni yeye aliyekuja kubuni njia ya pili ya kupeleka mafuta kwenye injini ili ile ya kwanza ikikwama ndege isizimike juu ya msitu. Nafikiri mtu hawi wa namna hiyo bila kuwa ameshika kwa mikono yake vipande vya ndege ambayo wengine waliivunja.

Mchungaji Kiongozi amesoma maneno haya na ameruhusu yachapishwe. Jumanne iliyopita niliwaambia wazee wote, tairi, spika, saa, na kile kikao. Wamesema watakaa Alhamisi hii, na mimi sitakuwa chumbani, na mtu mwingine ataandika kumbukumbu. Familia ya yule binti wa kwaya nimewaona pia. Mama yake hakuniambia kitu kwa muda mrefu, kisha akaniletea chai, na sijui niielewe vipi chai ile. Sijamaliza na familia hiyo.

Jumamosi nilimtafuta dereva. Siku hizi anaendesha lori la mawe. Nilimkuta machimboni akingoja kupakiwa, tukakaa kivulini upande wa tairi kubwa za lori lile, nikamweleza yote niliyowaeleza wazee, na kwamba nimekuja kumwomba msamaha, na kwamba habari itatoka kwenye jarida. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Alisema, "Nilijua utakuja, Pasta. Sikujua ni lini." Kisha akanyamaza tena. Vijana walikuwa wanarusha mawe ndani ya lori na lilikuwa linatikisika juu yetu.

Ndipo akaniuliza, "Na zile tairi, zilinunuliwa?"

Nikamwambia ndiyo. Nilizinunua mimi mwenyewe gari lilipotoka kwa fundi, kabla ya kumpa dereva mpya funguo.